Marehemu wa Kiti cha Nyuma

Nilikuwa nimefika pale ninapolia.

Kila safari nalia palepale, boti ikishazunguka Rasi ya Puddister na lile jiwe refu jeusi la kumbukumbu likaanza kuonekana. Baba hupunguza mwendo, mimi hushika kipaza sauti kwa mikono miwili na kusema, "Ndugu wageni, hapa ndipo bahari ilipomchukua Selby Hynes, mchumba wangu," halafu sauti inakatika yenyewe. Miaka ya mwanzo ilikuwa inakatika kweli. Siku hizi sijui. Ukisimulia jambo moja asubuhi na mchana, kiangazi baada ya kiangazi, machozi nayo yanazoea kazi.

Siku hiyo boti ilijaa. Nyangumi walikuwa wametuchezea vizuri karibu na mnara wa taa, na mlima wa barafu uliokwama mlangoni mwa ghuba ulikuwa umepigwa picha mpaka wageni wenyewe wamechoka. Sasa walikuwa wametulia, wamejikunyata ndani ya majaketi yao ya kuokolea, kila mmoja na ua lake mkononi, wakisubiri kuhuzunika. Puddister ni kijiji cha nyumba chache pembeni kabisa mwa Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Hatuna majumba wala maduka makubwa. Tuna nyangumi, barafu, na marehemu mmoja.

"Alitoka peke yake na kijimashua cha kuvulia," nikaendelea. "Kabla hajaondoka aliniita kutoka majini. Akasema, Dulcie, niwekee taa dirishani, nitarudi kwako hata bahari ikikataa. Barafu ilipasuka, ikapinduka, mashua ikaonekana imefunikwa kifudifudi. Yeye hakuonekana. Na kwetu mtu akipotea baharini, taa huwekwa dirishani na haizimwi mpaka apatikane. Anayeizima ni mama mwenye nyumba, si mwingine. Mtaiona tukirudi. Miaka minane, mabibi na mabwana, haijazimwa."

"Sikusema hivyo," alisema mtu wa kiti cha nyuma.

Hakusema kwa sauti kubwa. Jirani yake, mama mmoja mnene kutoka Saskatchewan aliyekuwa tayari na kitambaa puani, alimgusa goti.

"Shh, kijana. Mwache dada wa watu amalize."

"Samahani, mama. Lakini sikusema hivyo. Niliuliza kama ameona glavu zangu."

Habari ya glavu sijawahi kumwambia mtu yeyote duniani. Maneno ya taa na bahari niliyatunga mwenyewe kiangazi cha kwanza, kwa sababu huwezi kuwaleta watu kutoka Ujerumani na Japani kuwaambia kwamba mchumba wako aliagana nawe kwa kutafuta glavu.

Yule mtu akavua kofia na miwani ya jua. Ndevu zilikuwa ngeni. Mabega yalikuwa yameongezeka. Lakini sikio la kushoto lilikuwa na pengo lake, lile lililokatwa na ndoana tukiwa watoto, na ndoana yenyewe nilikuwa nimeishika mimi.

Kipaza sauti kilianguka, kikapiga ukelele uliowafanya wageni wote wazibe masikio.

"Dulcie!" Baba aliita kutoka kwenye chumba cha usukani. "Kuna nini huko?"

Wageni walidhani ni uchungu. Wengine walianza kupiga makofi polepole, ya heshima, na mama wa Saskatchewan akamwegemea Selby Hynes begani na kumlilia Selby Hynes.

"Masikini mtoto wa watu," alisema. "Kijana kabisa."

"Ndiyo, mama," alisema Selby. "Inasikitisha."

Nilibonyeza kitufe cha muziki. Kinanda cha kodiani kikaanza, na wageni wakainuka kwenda upande wa kulia kurusha maua yao majini, kama kawaida. Mimi nilikwenda nyuma. Nilishika kiti hiki, nikashika kile, kama mtu anayejifunza kutembea, na nilipofika mbele yake nilimzaba kofi lililoniumiza mkono.

"Nilistahili," alisema.

"Nyamaza. Wewe nani?"

"Unanijua, Dul."

Hakuna mwingine anayeniita Dul. Moyo uliruka kwa furaha kabla sijaupa ruhusa, na nikauchukia kwa kuruka.

"Selby amekufa," nilisema.

"Nimesikia sasa hivi. Umenisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa."

"Unanitania? Selby, unanitania mimi?"

"Sijui nifanye nini kingine. Naogopa." Alikuwa akitetemeka kweli. Alinyanyua mfuko wa karatasi kutoka miguuni. "Mama yako ameniuzia kikombe chenye sura yangu. Hakuinua hata macho, foleni ilikuwa ndefu. Pua waliyonichorea siyo yangu."

"Mama alichora mwenyewe. Kwa kumbukumbu."

"Basi mwambie asante."

Nilikaa kwenye kiti cha mama wa Saskatchewan. Maua mekundu na meupe yalikuwa yanaelea nyuma ya boti. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kama watalii wawili waliokutana safarini, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ileile.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Alberta. Kwenye machimbo ya mafuta."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Sema yote basi. Usinipe vipande."

Akasema huku anatazama mikono yake. Baba alikuwa amemkataa, hilo nilikuwa nalijua, nilikuwepo. Alimwambia mbele ya meza yetu ya jikoni kwamba mwanaume anayeogopa maji hataoa kwenye nyumba ya Leander Burry. Ni kweli Selby aliogopa maji. Baba yake na ami zake walizama, bibi yake akamlea kwa kumfungia mlango kila upepo ukivuma. Asubuhi ya pili yake akachukua mashua peke yake, bila glavu, kwenda kumwonyesha Baba.

"Barafu ilipopinduka nilirushwa," alisema. "Sijui niliogeleaje. Nilifika upande wa nyuma wa rasi, pale mawe yalipo, nikalala kama gunia. Nilipoamka nikasikia kengele ya kanisa. Nikahesabu milio, Dul. Unajua inavyopigwa, mlio mmoja kwa kila mwaka wa mtu. Ilipofika umri wangu ikanyamaza. Nikajua ni mimi."

"Ungeinuka uje."

"Ningeinuka, ndiyo."

"Kilima chenyewe ni hicho hapo. Hata mbuzi wanakipanda."

"Nilijisikia mwepesi," alisema, na sauti ikawa ndogo sana. "Hilo ndilo nimekuja kukuambia, lingine lote ni mapambo. Nilisikia nimekufa, nikajisikia mwepesi. Hakuna bahari tena, hakuna baba yako, hakuna mtu wa kumwonyesha kitu. Nikatembea mpaka barabara kuu, lori likanichukua mpaka kwenye feri. Nikasema nitapiga simu wiki ijayo. Wiki ijayo nikaona aibu. Mwezi ukapita, aibu ikawa kubwa kuliko mimi."

Nilitaka kumpiga tena. Nilitaka pia kumshika ile mikono. Nilikaa juu ya yangu yote miwili.

"Mwaka huu jamaa mmoja wa kazini alitoka likizo," akaendelea. "Akatuonyesha video kwenye simu. Nyangumi, barafu, halafu wewe. Unalia. Wenzangu wote kambini walikunywa kwa heshima ya Selby Hynes, na mimi nikanyanyua glasi pamoja nao. Usiku huohuo nikakata tiketi."

"Ili iweje?"

"Ili unione. Ukisema niondoke, naondoka leo hii, mnabaki na marehemu wenu. Hakuna atakayejua."

"Usinipe mimi kazi ya kukuua," nilimwambia. "Ulijiua mwenyewe na ukaiweza."

Muziki ukaisha. Wageni walianza kurudi kwenye viti, na mama wa Saskatchewan akatukuta tumekaa hivyo, akanitazama mimi, akamtazama yeye na shavu lake jekundu.

"Kijana amekusumbua, dada?"

"Hapana, mama. Ameguswa na habari."

Nikamshika Selby mkono wa jaketi, nikamvuta mpaka chumba cha usukani, nikamsukuma ndani.

Baba aligeuka. Ni mtu mkubwa, uso wake umeungua kwa upepo kiasi kwamba hauonyeshi mabadiliko. Alimtazama Selby, akalitazama lile jiwe lililobaki nyuma yetu, akamtazama Selby tena. Kisha akageukia bahari na kushika usukani kwa mikono yote miwili, kama vile siku ilikuwa na mawimbi.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga. Nyuma ya shingo ya Baba nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Misuli yake ilikuwa inacheza.

"Mzee Leander," alianza Selby.

"Nilikutafuta," alisema Baba. "Nilikutafuta kwa boti hii mpaka mafuta yakaisha, wakaja kunivuta. Nikajaza, nikatoka tena."

"Sikujua, mzee."

"Ungejuaje, ulikuwa maiti. Jumapili zote, nikitoka kanisani, nakwenda kwenye lile jiwe. Mvua inyeshe, isinyeshe. Mke wangu anadhani nakwenda kulisafisha. Nakwenda kukuomba radhi wewe. Mimi. Naliomba jiwe radhi kwa sauti, kunguru wa baharini wananicheka."

Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa kwenye kiti cha nyuma. Leander Burry hajawahi kumwomba mtu radhi, hata mama yangu siku alipomgonga na mlango wa gari.

"Ulipokuwa hai nilikukataa," Baba akaendelea, bado anatazama mbele. "Ulipokufa nikakukubali. Nikasema, yule kijana alikuwa mwanaume, mimi ndiye nilikuwa mjinga. Sasa unaniletea ndevu hapa, uko hai. Nikufanyeje?"

"Chochote unachotaka."

"Ninachotaka ni kukushusha kule kiwanda cha zamani cha samaki. Hakuna mtu kule. Ukatize vichakani, upande basi, urudi huko ulikotoka. Kijiji hiki kinakula kwa jina lako, bwana. Mama yake anauza vikombe. Bi Ruth anafuma soksi za Selby, hata Kanada yote ya bara inazivaa. Kanisa limepata paa. Tuwaambie nini hawa watu? Kwamba alikuwa amepumzika Alberta?"

"Baba," nilisema.

"Nazungumza kwa faida yako. Huyu wa kwenye jiwe amekutunza. Hajakuudhi hata siku moja. Huyu hapa alikukimbia mara moja, na mtu akishajua njia ya kukimbia haisahau."

Hapo alinigusa penyewe. Kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimempenda mtu wa kwenye jiwe. Kila kiangazi nilimwongezea uzuri kidogo. Nilimpa maneno matamu, nikamnyoosha mabega, nikamwondolea uoga. Alinisubiri palepale, hazeeki, hakosei. Wanaume wawili wa kweli walikuja kunichumbia na wote nikawapima kwa yeye, wakapungua. Na sasa mwenye jina amekuja kulidai, na ni mtu anayetetemeka, mwenye kikombe kwenye mfuko wa karatasi.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Pale mbele njia inagawanyika, kulia kiwanda cha zamani, kushoto gati letu. Baba alikuwa ameanza kukata kulia.

"Dul," alisema Selby. "Mzee amesema sawa. Nishusheni."

Kama angeomba kubaki, nadhani ningemshusha. Lakini alisema hivyo huku anatazama maji, na niliona alivyoshika kingo za meza, vidole vimekuwa vyeupe. Nikakumbuka kwamba mtu huyu, anayeogopa maji mpaka leo, alikuwa amekaa safari nzima ndani ya boti ya baba yangu, juu ya kina kilichommeza, ili nimwone.

"Kwa nini hukunisubiri gatini?" nilimuuliza. "Ungeninunulia kahawa tu pale juu."

"Nilitoka hapa kwa kuogopa bahari. Nikasema siwezi kurudi kwa njia ya kavu."

Niliupita mkono wa Baba na kuusukuma usukani kushoto. Hakunizuia. Alinitazama tu, macho yake yamelowa, halafu akaushika tena na kunyoosha boti kuelekea nyumbani.

"Usifikiri nimekusamehe," nilimwambia Selby. "Marehemu nilimjua. Wewe sikujui. Wewe ni mgeni kama wageni wengine."

"Sawa. Mgeni afanye nini?"

"Afanye wanachofanya wote. Unakijua."

Alinitazama, na nilipoona ameelewa, uso ulimwiva mpaka kwenye ndevu.

Kwetu kila safari inaishia kwenye banda la gatini. Mgeni anayetaka anavikwa kofia ya mvua ya wavuvi, anapiga magoti mbele ya kijiji, anaulizwa ametoka wapi, na akisema anataka kuwa wetu anambusu samaki mbichi aitwaye chewa mdomoni na kumeza funda la ramu. Wageni wanaupenda mchezo huu kuliko nyangumi. Lakini ni wa wageni. Mzaliwa wa Puddister habusu chewa. Ni kama kusema mbele ya watu kwamba hana kwao, na wazee wetu wangekubali kubusu gurudumu la lori kwanza.

Banda lilijaa. Mama alikuwa kwenye meza yake ya vikombe, Bi Ruth na soksi zake, wazee wa gatini wamekaa kwenye masanduku yao kama kawaida, wanasubiri kucheka. Mama wa Saskatchewan alibusu chewa kwa mapenzi makubwa na kushangiliwa. Akafuata Mjapani mmoja na mkewe. Kisha nikamwinua chewa kwa mkia na mashavu, nikaita anayefuata, na Selby akapiga magoti mbele yangu na kofia ya mvua kichwani.

Baba alisimama pembeni na kikombe cha ramu. Ndiye anayegawa, miaka yote.

"Mgeni," nilisema, na sauti ikakatika bila kuombwa. "Umetoka wapi?"

"Nimetoka mbali."

"Jina lako nani?"

Angeweza kutoa jina lolote. Nilikuwa nimemwachia mlango huo wazi kwa makusudi.

"Selby Hynes," alisema, na akavua ile kofia.

Wageni walilipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho, tena sehemu nzuri kuliko zote. Mama wa Saskatchewan alipiga mluzi. Lakini kule kwenye masanduku hakuna aliyepiga hata kofi moja. Bi Ruth alikuwa ameweka mkono mdomoni, na mzee mmoja alivua kofia yake kama inavyovuliwa jeneza likipita. Nilisikia kikombe kinapasuka kwenye saruji, halafu kingine.

"Na unataka nini, Selby Hynes?"

"Nataka kuwa wa hapa. Kama mtanikubali."

Nilimshushia chewa mpaka mdomoni. Alimbusu, baridi na utelezi wake, mbele ya watu waliompigia kengele, na hakufumba macho. Alinitazama mimi wakati wote. Wageni walicheka. Mimi nilihisi mashavu yananiwaka kana kwamba ni mimi niliyebusiwa.

Ikabaki ramu. Bila ramu mtu hajapokelewa, hilo kila mmoja bandani alilijua. Baba hakusogea. Alikibana kikombe mpaka ramu ikamwagika kwenye vidole. Nilidhani atakitupa baharini.

"Nilikuomba radhi Jumapili iliyopita," alisema Baba kwa sauti ya chini, ya Selby na mimi tu. "Hukunijibu."

"Nimekusamehe, mzee," alisema Selby, bado yuko magotini. "Na mimi je?"

Baba alimpa kikombe. Aliinama tu akampa, na mkono wake mwingine ukabaki juu ya kichwa cha Selby muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nilimtafuta Mama. Meza yake ilikuwa haina mtu, vipande vya sura ya Selby vimetapakaa chini. Alikuwa ameshatoka. Tulimwona kupitia mlango, anapanda njia ya kwenda kwetu bila kofia wala koti, mama yangu ambaye huwa hakimbii, anakimbia. Aliingia ndani. Kwenye ukungu dirisha letu lilikuwa doa la manjano, lilelile nililowaonyesha wageni kwa kidole mara zisizo na idadi.

Likazimika.

Wageni wakashusha simu zao, sijui kwa nini. Labda waliona nyuso zetu.

"Glavu zako ziko nyuma ya jiko," nilimwambia Selby. "Hakuna aliyezigusa."

Nilitaka kuongeza kitu cha kumkaripia, asije akadhani mambo yameisha, lakini sikuweza kuendelea. Nilikuwa nalia, na sikuwa nimefika pale ninapolia.